Mbuzi Aliyeangushwa na Chepkemoi

"Ukitikisa huo mguu tena, nakurudisha kwa gari nikufungie huko," Chepkemoi alisema bila kugeuza kichwa.

"Nasikia baridi, chérie."

"Baridi tunasikia wote. Lakini mbuzi hajui kwamba wewe una baridi. Anachojua ni kwamba nyuma ya robota hili kuna mtu anayepiga kwato kumshinda yeye."

Yves aliuma kola ya jaketi lake asije akacheka kwa sauti. Walikuwa wamepiga magoti nyuma ya robota la nyasi kavu, bega kwa bega, shambani kwa rafiki yao Francis, mbele ya mji wa Savage, kule ambako maghala ya kando ya mto yanakwisha na mahindi yanaanza. Mahindi yenyewe yalikuwa yameshavunwa, na miti ya bondeni ilikuwa imevaa zile rangi za Oktoba zinazowafanya watu wa Minnesota wasahau kwamba theluji iko njiani. Chepkemoi aliipenda asubuhi ya namna hii kuliko shifti yoyote ya hospitali kule Maplewood alikokuwa muuguzi. Leo aliipenda zaidi, maana bega lililogusana na lake lilikuwa la mwanamume aliyemtaka kuliko wanaume wote wa dunia hii.

Usiniulize mwanamke wa Kinandi amepataje upinde Amerika. Babu yake kule Kapsabet alikuwa na upinde na podo la mishale, vimening'inia ukutani, na wajukuu wa kiume wote walivigusa watakavyo. Chepkemoi alipovigusa siku moja, alichapwa. Basi majira yake ya kwanza ya baridi huku, upweke ulipotaka kumtia wazimu, akaona bango la klabu ya walenga mishale, akaingia. Siku aliyovuta uzi wa upinde kwa mara ya kwanza alilia, na hakulia kwa huzuni. Tangu hapo, mtu akimwambia "usiguse" anajitafutia balaa mwenyewe.

Na mbuzi nao wana habari yao. Mzungu mzee aliyemuuzia Francis shamba alikuwa akifuga mbuzi. Seng'enge ilipoanguka, mbuzi wakashuka bondeni, wakazaana, wakasahau kabisa kwamba waliwahi kuitwa majina. Walikula miche ya matufaha ya Francis, wakabandua magome mti baada ya mti, wakaikataa kamba, wakaukataa mtego, wakamkataa hata mbwa. Bunduki haikuwezekana kwa sababu jirani alikuwa na farasi waoga. Ndipo Francis akampigia Chepkemoi simu: "Chep, njoo wikendi na huo upinde wako. Nitaalika watu wa kanisa, tuchome tule. Hawa mbuzi wamenishinda tabia."

Watu wa kanisa maana yake kanisa la Waswahili la Brooklyn Center. Na kanisa hilo maana yake Mama Vestine, mamake Yves.

"Yves, niambie ukweli," Chepkemoi alinong'ona. "Jumamosi ijayo mjomba wako amekubali kuja kwetu Maplewood kuleta posa, au amenyamaza tu?"

"Kwa Tonton, kunyamaza na kukubali ni kitu kimoja."

"Kwangu si kitu kimoja. Baba mdogo ameshaomba likizo. Wazazi wangu watakuwa kwa simu, wamevaa, wamekaa. Mjomba wako asipokuja, sitakuwa na uso wa kuwaonyesha."

"Atakuja."

"Na mama yako? Mimi nikimsalimu anaipokea salamu kama mtu anayepokea tiketi ya parking."

Yves akageuka kumtazama. Alikuwa na macho yale, jamani, macho ya mtu anayeomba msamaha kabla hajakosa. Chepkemoi alipoyaona mara ya kwanza, Yves akiwa safu ya nyuma ya kwaya, alipoteza ubeti mzima wa wimbo.

"Maman anaogopa," Yves alisema. "Una miaka zaidi yangu, una kazi yako, una upinde wako. Anasema, huyu atamhitaji mutoto wangu wa nini?"

"Wa kunipasha moto," Chepkemoi akajibu, na Yves akaona haya hadi masikioni. "Lakini leo nitamheshimu mama yako mpaka ashangae. Kwetu, nyanya yangu alinifunza, nyama ya kwanza kutoka motoni hupelekewa mama aliyemzaa kijana. Unampelekea wewe mwenyewe, kwa mikono miwili, mbele ya watu wote. Leo nampelekea Mama Vestine mbavu za mbuzi niliyemwangusha mimi."

Yves alikaza midomo. "Chep, mama yangu…"

"Shhh!"

Mbuzi walikuwa wametokea. Mbele alitangulia beberu mzee mwenye harufu iliyowafikia kabla yake, nyuma yake majike na vijana wao, wanatembea kwa madaha kama wenye hatimiliki. Chepkemoi hakumtaka beberu, nyama yake haiendi kinywani. Alimchagua jike kijana, mnono, mwenye mgongo mweusi. Akaweka mshale, akavuta, akashikilia. Mbuzi alikuwa amewaelekea uso kwa uso, na mtu mwenye pupa angeachia. Chepkemoi alingoja, mkono haumtetemeki, pumzi ameifunga. Mbuzi akageuka kung'ata jani, ubavu ukawa wazi, uzi ukalia.

Kundi likatawanyika. Yule jike alikimbia hadi kwenye kijito, akapiga magoti, akalala.

Chepkemoi alimfikia, akaweka kiganja juu ya shingo yake mpaka ikatulia kabisa. Akasema ahsante kwa Kinandi, sauti ya chini. Alipoinua uso, Yves alikuwa amesimama anamtazama yeye.

"Nakuogopa," Yves alisema. "Na nakupenda."

"Anza na kupenda. Hayo mengine tutaona."

Akamvuta kwa kola akambusu palepale, na mabuti yote mawili yamo majini. Kisha Yves akamtwika mbuzi mabegani, wakaanza kupanda mlima.

"Ulitaka kuniambia nini kuhusu mama yako?" Chepkemoi aliuliza njiani.

Yves alimweka mbuzi vizuri mabegani. "Baadaye," akasema. "Si kitu."

Kumbe kilikuwa kitu.

*

Uwanja wa Francis ulikuwa umejaa magari na vigelegele. Wanaume walizunguka pipa lililokatwa katikati, makaa yanawaka. Kina mama walikaa kwenye viti vya kukunja, kitenge chini, sweta juu, na kofia za baridi juu ya vilemba. Mama Vestine alikuwa katikati yao, mgongo umenyooka. Pembeni, kwenye kiti pekee chenye mikono, alikaa kaka yake, Mzee Twagirayezu, koti la suti limefungwa vifungo vyote. Baba yake Yves alifariki familia ikiwa njiani kwenda kambi ya wakimbizi Uganda, na tangu siku hiyo Twagirayezu ndiye aliyekuwa mdomo wa ukoo. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akikohoa tu, watu wanabadilisha mada.

Alipomwona mpwa wake na mbuzi mabegani, alisimama, akapiga makofi.

"Munaona? Damu haipotei! Baba yake alikuwa mwindaji, na mutoto ni mwindaji!"

"Siyo mimi, Tonton," Yves alisema, akashusha mzigo. "Ni Chepkemoi. Mimi nimebeba tu."

Makofi yakafa. Mzee Twagirayezu alimtazama Chepkemoi kuanzia mabuti yenye matope, akapanda hadi kwenye upinde uliokuwa begani, akashuka tena.

"Nyumba moja haikai wanaume wawili," akasema, akaketi.

Wanaume wachache wakacheka. Chepkemoi alihisi joto likimpanda shingoni, lakini akalimeza. Leo nimekuja kupendwa, alijiambia, sikuja kushindana. Akaenda kunawa, akavaa gauni alilokuja nalo, akafunga kitambaa kichwani, akarudi kumsaidia Francis.

Francis alikuwa mtu wa mzaha na chumvi nyingi. "Chep, umetumwa na Mungu," alisema akigeuza nyama. "Huyu amekula matufaha yangu misimu mitatu. Nitamtafuna kwa hasira."

"Zile mbavu usimpe mtu. Ni za Mama Yves."

"Aaa! Mkwe anajua mambo!" Francis alikuwa Mnandi mwenzake, na kwake hilo lilikuwa jambo jema lisilo na swali. Alizikata mbavu vizuri, akazipanga kwenye sahani ya udongo, akaongeza chumvi na kipande cha limau.

Yves alikuwa upande wa pili wa pipa, ameshika koleo ya makaa. Aliiona sahani. Chepkemoi alimwona akiiona. Alifungua mdomo, akaufunga, akainama akachokonoa makaa ambayo hayakuhitaji kuchokonolewa.

Basi Chepkemoi akaenda. Alishika sahani kwa mikono miwili, akapita katikati ya viti. Alipofika mbele ya Mama Vestine akainama sana.

"Mama," alisema, kwa sauti iliyowafikia wote, "hii ndiyo nyama ya kwanza. Nimekuletea wewe kabla ya mtu yeyote, kwa sababu wewe ndiye uliyemzaa na kumlea Yves. Karibu, Mama."

Kuku wa Francis ndio pekee waliokuwa wakiongea.

"Yesu wangu," akanong'ona mama mmoja aliyeitwa Ernestine, akafunika mdomo.

Uso wa Mama Vestine ulibadilika rangi. "Nyama gani hii, mutoto?"

"Mbuzi, Mama. Mbavu."

"Mbuzi." Alilirudia neno hilo polepole. "Mimi nimekukosea nini? Niliwahi kukutukana? Unaniletea mbuzi, mbele ya kanisa zima, mbele ya kaka yangu?"

Chepkemoi akatazama sahani, akamtazama Ernestine, haelewi hata kidogo.

"Kwetu sisi, mwanamuke wa heshima hali mbuzi," Ernestine alimweleza kwa huruma. "Ni nyama ya wanaume. Mama zetu hawakuila, bibi zetu hawakuila. Banasema muke akila mbuzi anaota ndevu, na anakuwa mukaidi kama mbuzi mwenyewe. Kumupa mama mbuzi mbele ya watu ni kusema hana haya. Na mujane zaidi. Ni kusema tangu bwana afe, amegeuka mwanaume."

Alitaka ardhi ipasuke immeze. Aliivuta sahani kifuani, kama mtu anayetaka kuificha.

"Mama, nisamehe," alisema, na machozi yalikuwa karibu. "Sikujua, haki ya Mungu. Kwetu hii ni heshima ya juu kabisa. Nilitaka kukuheshimu, nimekuaibisha. Naomba msamaha."

Kitu fulani machoni mwa Mama Vestine kililegea. Pengine mambo yangeishia hapo, watu wangecheka, Francis angetoa kichekesho. Lakini Mzee Twagirayezu alikuwa ameshasimama.

"Hapana. Msamaha hauombwi kwa kuinama kidogo kama mutu anayefunga kamba za viatu. Piga magoti. Piga magoti mbele ya dada yangu. Halafu huo upinde, uniletee mimi. Utakaa kwangu. Uape mbele ya hawa watu kwamba hutaushika tena. Ukifanya hivyo, Jumamosi nitakuja Maplewood kusema. Usipofanya, mimi mdomo wangu sitaufungua, na unajua bila mdomo wangu hakuna ndoa."

Watu wote wakamgeukia Chepkemoi. Naye akamgeukia Yves. Alingoja. Mungu wangu, alivyongoja! Yves alikuwa anatazama koleo.

Hapo ndipo Chepkemoi alipoelewa lile "baadaye" la asubuhi, lile "si kitu", na mdomo uliofunguka ukafungwa. Machozi yakakauka yenyewe.

"Mzee," alisema, akanyoosha mgongo, "nimemkosea Mama, na kwa Mama nimeomba msamaha. Akitaka nitarudia, akitaka nitapiga magoti, kwa sababu ni yeye niliyemuumiza. Wewe sijakukosea. Na upinde wangu hukuninunulia, hukunifunza, na huwezi kunipokonya."

"Munasikia?" Mzee alisema. "Munasikia huo ulimi?"

"Mimi nimekula mbuzi tangu nikiwa na meno mawili. Hebu nitazame. Ndevu ziko wapi?"

Francis alicheka kabla hajaweza kujizuia, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Ziko kwenye ulimi," Twagirayezu akajibu.

Lilikuwa jibu zuri, na Chepkemoi alikubali moyoni kwamba lilikuwa zuri. Akaweka sahani taratibu juu ya meza ndogo karibu na Mama Vestine. "Samahani, Mama," alisema tena. Akachukua upinde wake na podo la mishale, akaelekea kwenye gari.

*

Yves alimkuta nyuma ya gari, anafunga upinde ndani ya mkoba wake kwa mikono yenye hasira.

"Chep, subiri."

"Uliniona."

"Nisikilize."

"Uliniona nimebeba sahani! Asubuhi ulijua, mlimani ulijua, kwenye moto ulijua. Ulikuwa na neno moja tu la kuniambia. 'Chep, mama hali mbuzi.' Basi! Ningempelekea ndizi. Ningempelekea chai. Umeniacha nikatembea mbele ya watu wote kama mbuzi anayepelekwa kuchinjwa."

"Niliona aibu."

"Ya nini? Ya mimi?"

"Ya sisi." Yves alikaa kwenye ukingo wa buti la gari kama mtu aliyeishiwa nguvu. "Wewe ni mtu wa kujua mambo yako. Mimi naendesha folklifti ya kubebea mizigo ghalani, naishi na mama, na kwetu bado tunaambiana habari ya ndevu. Niliogopa utacheka. Nikasema labda Francis ataleta na kuku, labda mambo yatapita. Halafu sahani ikawa imeshafika."

Chepkemoi alitaka kumkumbatia na alitaka kumzaba kofi, na vyote viwili alivitaka kwa nguvu sawa. "Ningecheka, ndiyo. Ningecheka kidogo, halafu ningechoma kuku. Yves, mimi sikucheki. Mimi nakupenda. Lakini mjomba wako aliponiambia nipige magoti, wewe ulikuwa unatazama makaa."

"Yeye ndiye alinibeba baba alipokufa. Alinibeba mgongoni, Chep. Nikimpinga mbele ya watu, nabaki mtoto asiye na ukoo."

"Sikuambii umtukane. Sikuambii uchague kati yangu na mama yako, mimi si mshenzi. Nakuambia ufungue mdomo."

"Nakupenda," Yves alisema. "Nitakuoa hata kama dunia nzima itakataa. Nitakwenda Maplewood kwa miguu. Nakuapia."

"Maneno matamu sana." Chepkemoi alifunga buti, ikabidi Yves aruke pembeni. "Lakini unayasema hapa, nyuma ya gari, mahali ambapo tunasikia mimi na wewe na kuku. Kayaseme pale. Ukishindwa, usiniambie tena hata nikiwa kitandani mwangu nakufa."

Aliingia garini, akawasha injini. Akaacha mlango wazi. Alijiambia kwamba ni kwa sababu ya hewa.

Yves alisimama pale, mikono imemning'inia. Kisha akageuka, akarudi uwanjani. Alitembea vibaya, kama mtu anayevuka mto asiojua kina chake, lakini alitembea.

"Tonton," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akairudia. "Tonton! Maman! Naomba mnisikilize."

Watu walioanza kula wakaacha.

"Mwenye kosa hapa ni mmoja, na ni mimi. Mimi nilijua Maman hali mbuzi. Asubuhi Chepkemoi aliniambia atamletea nyama. Nilijua, nikanyamaza. Nilimwona na sahani, nikanyamaza. Alipotukanwa kwa kosa langu, nikanyamaza tena. Maman, hakuna aliyekuaibisha isipokuwa mwanao."

"Inatosha," Twagirayezu alisema.

"Haijatosha, Tonton. Nisamehe, lakini haijatosha. Wewe ulinibeba, na siku zote nitakuheshimu. Lakini yule mwanamke hatapiga magoti kwako, na upinde wake hautakuja kwako. Yeye ndiye aliyemwangusha mbuzi. Mimi nilibeba tu, na nitafurahi kumbebea maisha yangu yote. Jumamosi nakwenda Maplewood. Ukija, nitashukuru. Usipokuja, nitajisemea mwenyewe."

"Kijana hajisemei!" Mzee aligonga mkono wa kiti. "Watakufungia mlango! Watauliza, huyu ametoka wapi, hana watu? Vestine! Mwambie mutoto wako. Sema hakuna ndoa, tuondoke hapa."

Mama Vestine alikuwa hajasogea tangu Yves aanze. Macho yake yalikuwa juu ya mwanawe, na yalikuwa na maji.

"Vestine. Sema."

"Niseme nini?"

"Sema nilichosema."

"Kaka yangu," Mama Vestine alisema polepole, "tangu baba Yves afe, mimi nasema ulichosema. Kambini nilisema ulichosema. Huku pia. Leo mutoto wangu ameacha mwanamuke anayemupenda aaibike, kwa sababu ameogopa kufungua mdomo. Nani alimufundisha kuogopa? Mimi. Aliniona mimi kila siku nimenyamaza, akajifunza."

Mama Vestine akavuta ile meza ndogo, akachukua ubavu mmoja kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kitu kinachoweza kumuunguza. Akaung'ata.

Ernestine alitoa sauti ndogo. Francis akaacha kisu hewani. Mama Vestine alitafuna, akatafuna, akameza, na hakumtazama mtu.

Chepkemoi hakumbuki alivyotoka garini. Alijikuta amesimama mbele ya kiti kile, injini bado inanguruma huko nyuma, na mkono wa Yves umeukamata wake kwa nguvu mbele ya kanisa zima.

"Mama," alisema, na sasa machozi yalikuja bila kuombwa. "Mama, asante…"

"Wewe usinishukuru. Bado sijakupenda." Mama Vestine alijifuta mafuta midomoni kwa ncha ya kitenge. "Na nyama yako ina chumvi nyingi. Nenda uzime gari, unachoma mafuta bure."

Chepkemoi alicheka huku analia, na Yves naye, na Francis akageukia pipa lake akijifanya moshi umemwingia machoni. Mzee Twagirayezu peke yake alibaki amesimama, koti limefungwa vifungo vyote.

"Mimi Jumamosi siendi," alisema. "Nimeshasema. Tutaona nani atasimama kule Maplewood kuwa mdomo wa ukoo."

"Mimi," Mama Vestine akajibu.

"Wewe? Vestine, umerukwa na akili? Mwanamuke hasemi kwenye posa!"

"Wala hali mbuzi," alisema dada yake, akachukua ubavu wa pili.